Taa ya Mwanamwali wa Nne

Brekkum, 22 Aprili 1954

Shangazi Magnhild mpenzi,

Uniwie radhi kwa kukaa kimya muda wote huu. Barua yako ya kabla ya Pasaka iko hapa dirishani, nyuma ya chungu cha maua, na kila nikimwagilia maua inanitazama. Nimekaa kukujibu zaidi ya mara moja. Mtoto analia, au kondoo anazaa, au nasahau nilitaka kusema nini, na siku imekwisha.

Sisi hatujambo. Ingerid ameota meno ya chini na anang'ata kila anachokifikia, hata mguu wa meza. Sjur ametimiza miaka minne na hataki tena kofia, anasema kofia ni za watoto. Baba mkwe nyonga inamsumbua hali ya hewa ikibadilika, lakini zizini anakwenda mwenyewe na ukimsaidia anakasirika. Mama mkwe mzima. Kondoo wamezaa vizuri, pacha wengi. Mwanakondoo mmoja mama yake alimkataa, tunamlea kwa chupa hapa jikoni. Sjur amempa jina la Kasisi, kwa sababu akianza kusema hanyamazi. Mama mkwe alikataza, lakini jina limeshika.

Kifurushi kimefika. Asante kwa kahawa. Tumbaku ya Eilif nayo imefika, nimeiweka kabatini.

Huku baridi bado. Barafu ya ziwani haijaondoka, ila imekuwa ya kijivu na hakuna tena anayepita juu yake. Tunaitazama tu.

Sasa kazi. Blanketi la picha mtamboni linakwenda. Nimemaliza jozi ya nne ya wale wanawali kumi wa Injili, mwenye busara juu, mpumbavu chini, kama ulivyonionyesha. Imebaki jozi moja, na ule upande wa mwisho, mlango na bwana harusi. Bado sijamzoea yule aliyetunga kwamba picha ifumwe ubavu. Mwaka wa pili huu nawatazama wanawali wangu wamelala kitandani kama wagonjwa, na nikishawamaliza wanaviringishwa kwenye gogo la chini la mtambo, siwaoni tena. Lilivyo kwa ujumla silijui. Najua upana wa vidole vichache ulio mbele yangu.

Nafuma Ingerid akilala, na wakati mwingine hata asipolala, namfunga kiunoni kwa shali. Mikono inakwenda yenyewe.

Uzi mwekundu unakaribia kwisha. Kahawia pia.

Mwanao,
Oddny


Ålesund, 11 Mei 1954

Mwanangu Oddny,

Barua yako nimeisoma kwa kioo cha kukuzia, kisha Peder, ninayekaa kwake, akanisomea, kisha nikaisoma tena mwenyewe kwa sababu Peder anasoma kama anayetangaza bei ya samaki. Usishangae maandishi yangu kuwa makubwa. Daktari anasema mtoto wa jicho la kulia ameiva na atatolewa vuli. Nikamwambia, uzee huu wa kuzaa kwa jicho nilikuwa siujui. Hakucheka. Madaktari wa mjini hawacheki.

Huku mvua. Mke wa Peder mwema, sina la kumsema, ila anachemsha samaki mpaka samaki mwenyewe anasahau aliwahi kuogelea. Mikono yangu haina kazi. Nimekaa mbele ya mtambo wa kufumia tangu nikiwa na miaka kumi na sita, nimefumia makanisa na nyumba za wakubwa, na sasa nakaa mbele ya dirisha. Kwa hiyo nisikilize vizuri, maana kazi niliyobakiza duniani ni kukusumbua.

Usivute uzi wa mshindio pembeni. Mtu akichoka anavuta bila kujua, na blanketi linaingia kiuno kama nyigu. Kila jioni pima upana kwa kile kijiti nilichokukatia. Kitana cha kukazia uzi kipige chini sawasawa, si kwa hasira. Na nyuzi za mtande zikilegea upande mmoja usizikaze kwa nguvu, loanisha kidogo, usubiri.

Krismasi nilikuandikia kwa mzaha kwamba bwana harusi umpe pua ya Eilif wako, ile iliyopinda tangu alipopigwa teke na farasi. Habari hiyo ya pua iache. Bwana harusi usimguse kwanza. Kaa na wanawali.

Nimekutumia mwekundu na kahawia, kahawa, na soksi za watoto. Soksi nimezifuma kwa kupapasa, moja ni ndefu kuliko mwenzake, mpe Sjur, mwambie ndivyo wanavyovaa mabaharia.

Unalala? Unakula? Usinijibu kwamba hamjambo. Nijibu unakula nini.

Shangazi yako,
Magnhild


Brekkum, 24 Mei 1954

Shangazi,

Asubuhi nakula uji. Mchana nakula alichobakisha Sjur. Jioni kahawa na mkate mkavu, na jibini Mama mkwe akiniwekea mbele. Umeuliza, nimejibu.

Sjur anavaa soksi za kibaharia mpaka kitandani. Kasisi amekuwa mkubwa, tumemtoa jikoni, anasimama nje ya mlango kutwa akituhubiria.

Kifurushi nilikifungulia mezani. Nikatoa mwekundu, kahawia, kahawa, soksi. Nikageuza boksi, nikalikung'uta. Tangu niolewe hujawahi kutuma kifurushi bila tumbaku ya Eilif. Basi nikajua kwamba unajua. Nani amekuambia, sijui, labda gazeti. Sina hasira. Ulijua na ukaniandikia habari za kuvuta uzi pembeni, na mimi nilijua na nikakuandikia habari za meno. Lakini sasa nitaandika mara moja, nisirudie.

Mwishoni mwa Machi Eilif alivuka ziwa na farasi anayeburuta sleji kwenda kuleta nyasi kavu kutoka ghala la ng'ambo. Njia juu ya barafu ilikuwa imewekwa alama za matawi kama kila mwaka. Kwenda kulikuwa salama. Kurudi, theluji ilianza kuanguka na giza likawa linaingia, na nadhani matawi hakuyaona. Watu walitoka na taa. Waliona nyasi zikielea kwenye tundu, na kofia. Farasi hakuonekana, wala yeye. Asubuhi tundu lilikuwa limeganda tena.

Hayo ndiyo yote. Sikulia. Watu wananiangalia kama wanaosubiri maziwa yachemke. Naamka, nakamua, nafua, nafuma. Naweza kukuambia nilifuma nini siku gani kabla ya hapo. Baada ya hapo siwezi.

Sasa kuna jambo, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Unajua desturi ya huku. Hakuna aliyetoka Brekkum ndani ya jeneza lisilofunikwa kwa blanketi la picha. Lile la zamani babu yake Eilif alimuuzia mnunuzi kutoka mji mkuu mwaka wa njaa, na yeye mwenyewe alipokufa alifunikwa kwa la kuazima. Aibu hiyo bado inasemwa mpaka leo. Ndiyo maana siku ya harusi uliponipa mtambo wako, Mama mkwe alilia kuliko mama yangu.

Juzi tulikuwa tunatenganisha maziwa na krimu. Akasema bila kunitazama:

"Barafu ikiondoka ataibuka juu ya maji. Utalikata lini kutoka mtamboni?"

"Halijaisha, Mama."

"Sikukuuliza kama limeisha. Nimekuuliza utalikata lini."

"Likiisha."

"Oddny, mwanangu hatoki nyumbani kwake kwa blanketi la farasi."

"Wala hatatoka kwa nusu ya kazi yangu."

Hapo Baba mkwe akasema kutoka kwenye kiti chake, "Tazameni hawa. Maiti yenyewe hatujaipata, tayari mnanyang'anyana shuka."

Mama mkwe akatoka nje. Alisahau ndoo. Sijawahi kumwona akisahau ndoo.

Shangazi, wewe unanijua, mimi si mtu wa kubishana na wakubwa. Lakini siwezi. Lisipoisha halikatwi. Lisipokatwa hakuna wa kufunikwa. Najua hiyo ni hesabu ya mtoto mdogo. Ndiyo hesabu niliyo nayo. Jozi ya tano sijaianza. Nakaa pale, kijiti cha uzi mkononi, na nyuma yangu kupitia dirishani naliona ziwa bila kugeuka.

Barafu imeachana na ufuko. Kuna utepe wa maji meusi pembeni, upana wa mlango. Kila asubuhi Mama mkwe anakwenda kuutazama, kisha anarudi anautazama mtambo.

Niambie unavyoona. Usinipe pole.

Oddny


Ålesund, 29 Mei 1954

Mwanangu,

Huku wote wazima. Barua yako imefika mchana huu, na hii inaondoka leo leo, mke wa Peder amesimama mlangoni kavaa koti. Salamu nyingine baadaye.

Ulipokuwa mdogo waliwaambia watoto kwamba mume wangu Mons alikwenda Amerika. Mliuliza ataleta nini, na mimi nikawaacha muulize. Hakwenda Amerika. Alikwenda kuvua heringi majira ya baridi, yeye na wenzake, na bahari haikurudisha hata ubao. Mimi pia nilikuwa na kazi kwenye mtambo, pazia la kanisa. Nilijiambia kama wewe: nisipomaliza, hajafa. Kasisi aliandika, wazee wa kanisa wakaja, nikawapa kahawa na kuwaambia bado. Nilifuma, nikafumua, nikafuma, mpaka mtande ukachakaa, nyuzi zikaanza kukatika zenyewe. Siku nilipolishusha hakukuwa na wa kufunikwa, na pazia lenyewe lilikuwa limeharibika. Ndiyo kazi pekee niliyowahi kuifanya ovyo. Sijamwambia mtu. Sasa nimekwambia wewe, basi.

Mimi sikupata wa kumfunika. Wewe utapata. Ziwa lenu halina pa kumpeleka.

Kwa hiyo kata. Lakini kata kama mfumaji, usikate kama mjane. Fuma kwanza upana wa vidole viwili vya uzi mtupu usio na picha, ili ukingo usifumuke. Kisha acha mtande mrefu, urefu wa mkono mzima kutoka bega, usiwe mchoyo. Kabla mkasi haujapita, nyuzi uzifunge kwa mafungu madogo, na mafungu yote uyapitishie kijiti, ili kila uzi ukumbuke mahali pake. Likirudi kutoka kanisani unalifunga tena kwenye mtambo, uzi kwa uzi. Kazi hiyo inachosha macho na mgongo na huwezi kuifanya peke yako. Mmoja lazima ashike, mwingine afunge.

Blanketi lililokatwa si blanketi lililokufa. Nimewahi kulifunga tena moja, na hakuna aliyeona mshono ila mimi.

Unajua wa kumwomba akushikie.

Magnhild


Brekkum, 27 Juni 1954

Shangazi mpenzi,

Niwie radhi tena. Safari hii si kwamba nilikuwa sijui la kusema. Nilikuwa nafunga nyuzi.

Kwanza habari za nyumbani. Ingerid anasimama akishikilia benchi. Sjur ameungua pua kwa jua. Ng'ombe tumewapeleka malisho ya mlimani, Baba mkwe amekwenda nao kwa siku chache na nyonga yake, hakuna aliyethubutu kumzuia. Vipi jicho? Mwambie mke wa Peder asante kwa kukimbia posta.

Barua yako ilifika Jumatano. Barafu iliondoka usiku wa Ijumaa kwa upepo, na Jumapili jirani yetu wa mdomo wa mto alikuja akiwa ameshika kofia mkononi. Alikuwa amempata Eilif.

Baba mkwe akachukua mkasi wa kunyolea kondoo akaunoa. Mimi nikafuma vile vidole viwili vya uzi mtupu. Nilipofika kwenye kufunga mafungu nikamwita Mama mkwe. Nilisema tu, "Mama, nishikie." Alinawa mikono kwanza, akaikausha vizuri, akashika kijiti. Nilikata kwa urefu ulionitajia. Mtande ukikatika una sauti, sikuwa nimeijua. Kama mtu anayetema mbegu.

Kisha tukalifungua sakafuni, tukaligeuza upande wake, na kwa mara ya kwanza wanawali wangu wakasimama wima.

Shangazi, ni zuri. Nasema kama ninavyosema ng'ombe ana afya. Kiuno cha nyigu hakipo. Wanne wenye busara juu, na taji zao, taa zao zinawaka. Wanne wapumbavu chini, na vitambaa vyao vya kulilia, taa zao zimepinduliwa midomo chini. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne taa yake imesimama wima na inawaka. Moto wa manjano, mkubwa kuliko wa wenye busara.

Nimejaribu kukumbuka. Ile nusu ya jozi niliifuma mwanzoni mwa Aprili. Kitu kinapokuwa kimelala ubavu ni rahisi kusahau uko safu gani, wewe mwenyewe ulinionya mara ya kwanza tu kukaa mbele ya mtambo. Ni hivyo tu. Sikukusudia. Wala sikumbuki hata kushika ule uzi wa manjano.

Mama mkwe alipiga magoti karibu.

"Huyu si mpumbavu?"

"Ndiye."

"Mbona taa yake inawaka?"

"Nimekosea, Mama. Nitaifumua. Nipe saa moja, nitajaza kijivu."

Kidole chake kilikuwa juu ya ule moto, anausugua taratibu kama anayetoa doa.

"Usiku ule," akasema, "nilikuja mlangoni kwako. Ulikuwa umekaa dirishani na taa. Nikarudi kitandani. Sikujua nikuambie nini."

"Sikukusikia."

"Najua. Iache ilivyo."

"Watu wataona kanisani."

"Waone. Wanaojua kusoma picha ni mimi na wewe na mke wa kasisi, na yeye haoni mbali."

Katika Injili wote kumi walisinzia, wenye busara na wapumbavu, imeandikwa hivyo. Mimi sikusinzia. Sikuifumua.

Siku ya mazishi tulitandaza matawi ya misonobari langoni. Majirani walileta uji wa krimu, kila nyumba na chungu chake, na kila mmoja akachungulia cha mwenzake. Blanketi lilifunika jeneza lote, na ile mitande mirefu iliyofungwa mafungu ikaning'inia upande wa miguu kama pindo. Watu walidhani ndiyo mtindo mpya. Hatukuwasahihisha. Tulipoanza kutoka, Kasisi akatufuata akilia nyuma ya gari la jeneza, Sjur akageuka akampigia kelele, "Kasisi, rudi nyumbani!" na kasisi mwenyewe, aliyekuwa mbele, akasimama. Baba mkwe alicheka. Alicheka mpaka ikawa si kucheka, na Mama mkwe akamshika mkono.

Mimi nilitembea. Nilimbeba Ingerid. Niliona blanketi likienda mbele yangu na nikawa nahesabu mafungu yasije yakafunguka. Bado sijalia, Shangazi, na usiniambie itakuja. Ikija, ije.

Kaburini waliliondoa kama ilivyo desturi, wakalikunja, wakampa Mama mkwe. Alilibeba mpaka nyumbani mikononi mwake, hakutaka liwekwe garini. Kesho yake asubuhi, kabla ya kukamua, nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya mtambo, kijiti magotini.

"Mimi nashika," akasema. "Wewe funga. Na usinivutie haraka, macho yangu si ya Magnhild, lakini mkono wangu hautetemeki."

Ndiyo kazi tuliyofanya wiki hizi. Uzi kwa uzi. Anajua kushika. Anasema kwamba mafundo yangu ni makubwa, na kweli ni makubwa. Jana tulimaliza wa mwisho, nikaupiga mtande kwa kiganja, ukalia kote sauti moja.

Baba mkwe amesema mtambo ubaki hapo ulipo, mbele ya dirisha. Mimi nitabaki nao. Najua unataka kuniuliza kama nitarudi kwa mama na watoto wangu, ingawa hukuliandika. Sirudi. Nina jozi moja ya wanawali, mlango, na bwana harusi.

Mwanao,
Oddny

Ninavyohitaji bado, na tafadhali usiongeze kitu cha kunionea huruma:

Nili ya kutia rangi ya bluu, pakiti moja. Ndoo ya mkojo wa kuiyeyushia iko nyuma ya jiko, Sjur anaijaza kwa fahari na hawaruhusu wengine.

Uzi mwekundu uliokoza kwa ajili ya mlango, vitita viwili.

Uzi wa mtande kidogo. Nyuzi tatu zilikatika tukifunga.

Sindano butu. Ingerid ameipoteza ya kwangu, au ameimeza, bado tunasubiri.

Rangi ya manjano usitume. Majani ya mti wa mbetula yametoka, nitachemsha mwenyewe.

Tumbaku, ile ile. Ile iliyokuwa kabatini imekwisha. Baba mkwe amechukua kiko cha Eilif, na jioni jikoni kunanuka kama kawaida.

Na uzi wa rangi ya ngozi, ule uliousokota kwa ajili ya nyuso. Si mwingi. Wa kutosha pua moja, iliyopinda.